Shoti Namba 4

Mtu wa kwanza kuitazama filamu yetu aliuliza sehemu ya pili inatoka lini. Nikafurahi kwa sekunde mbili hivi, nikidhani amenogewa. Kumbe hakuwa ametambua kwamba imeisha. Kitasa kilikuwa kimeshazunguka, skrini imekuwa nyeusi, majina yetu yanapanda, na yeye bado anasubiri jambo litokee.

Tulikuwa wanafunzi watano nyuma ya kamera na waigizaji watatu mbele yake. Tulitakiwa kutengeneza filamu fupi ya taharuki isiyozidi dakika 7. Mimi nilikuwa mwongozaji, cheo nilichokipata kwa kuwa na sauti kubwa kuliko wenzangu kwenye kikao cha kwanza. Tulijiandaa kwa majuma sita. Ratiba tulikuwa nayo, orodha ya shoti, yaani vipande ambavyo kamera huvirekodi bila kukatika, tulikuwa nayo, michoro ya kila sini, yaani kila onyesho, barua za ruhusa, hadi karatasi ya nani analeta betri na nani analeta waya. Kwa makaratasi hakuna kundi lililotufikia.

Rasimu ya kwanza ya skripti ilikuwa na kurasa 19. Watu wa filamu wana kipimo chao: ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa mtindo unaokubalika ni takriban dakika moja ya filamu. Kwa hiyo tulikuwa na dakika 19 za kubana ndani ya 7, na humo mlikuwa na muuaji mwenye barakoa, kukimbizana ngazini, pambano juu ya paa, na pacha aliyedhaniwa amekufa. Huyo pacha lilikuwa wazo langu. Mpaka leo naona haya.

Mwandishi wetu, dada mmoja asiyependa malumbano, alituacha tubishane kuhusu paa kwa saa nzima, kisha akauliza, "Jamani, tuna nini mkononi?" Tukahesabu. Kamera moja ya picha inayorekodi na video. Lenzi mbili. Paneli mbili za taa za LED. Maiki ndefu inayofungwa kwenye fimbo na kushikiliwa juu ya vichwa vya waigizaji. Na matumaini ya kupewa maktaba ya chuo usiku, ikiwa barua yetu itajibiwa. "Basi kila kitu kitatokea maktaba," akasema, akafunga daftari. Siku tatu baadaye alirudi na kurasa 7.

Hadithi ilikuwa hivi. Msichana ana kazi ya kufunga maktaba usiku. Mlinzi anamkabidhi funguo, anaaga, anaondoka. Ukutani nyuma ya kaunta kuna ubao wa ndoano, kila ndoano na namba yake. Msichana anapita kuzima taa, anasikia kiti kikivutwa nyuma ya rafu. Anaita, kimya. Anasikia tena, karibu zaidi. Anakimbilia chumba cha vitabu vya zamani, anajifungia kwa ndani, anachomoa ufunguo, anaegemea mlango na kushusha pumzi. Kisha kitasa kinazunguka, maana chumba kile kina funguo mbili.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisisimka mwili mzima. Sikujiuliza kwa nini.

Silaha ilituletea mjadala mrefu kuliko ilivyostahili. Mmoja wetu alitaka bastola, walau ionekane kwa mbali. Mwalimu alitukumbusha kilichotokea New Mexico, Marekani, Oktoba 2021. Mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa kwenye maandalizi ya sini, kwa bastola iliyotangazwa kuwa salama kumbe ndani ina risasi ya kweli. Ile ilikuwa seti ya watu waliosomea kazi na wanaolipwa. Sisi tulikuwa na mratibu mmoja aliyekuwa pia dereva na mshika maiki wa akiba. Bastola ikatoka siku hiyo hiyo, hata ya plastiki.

Kisu cha plastiki kikabaki, kwa siku nne. Kwenye mazoezi, mwigizaji wetu wa kivuli, yule anayemfuata msichana gizani, alisimama nyuma ya dirisha la kioo, barakoa usoni, kisu mkononi, akisubiri nimwite. Mtu aliyekuwa anapita nje akamwona. Sisi tulikuwa na barua ya mkuu wa maktaba yenye muhuri, lakini hatukuwa tumewaambia walinzi wa zamu ya usiku, na barua haionekani kupitia dirishani. Walinzi wanne waliingia kwa kishindo. Mwigizaji akanyoosha mikono juu, kisu bado kikiwa mkono wa kulia, na huo ndio wakati pekee katika utengenezaji mzima wa filamu hii niliosikia hofu halisi. Hakuna aliyeumia. Kuanzia hapo tulibandika karatasi kila mlango, na kila jioni mratibu aliwafuata walinzi wa zamu ana kwa ana, siyo kwa simu, akiwaeleza tutakuwa wapi, wangapi, na mpaka saa ngapi. Kisu nacho tukakiacha. Mikono mitupu ikatisha zaidi: kisu kinamwambia mtazamaji kitakachofanyika, mkono mtupu unamwacha akisie.

Kuhusu kukagua eneo nina ushauri mmoja, nao niliupata kwa kukosea. Nenda saa ile ile utakayoshuti. Sisi tulienda saa 4 asubuhi, tukapima, tukapiga picha, tukachora ramani nzuri ya rafu na kaunta. Usiku wa kwanza tukakuta mahali pengine kabisa. Vioo vya madirisha vilivyokuwa vinaonyesha miti mchana vimegeuka vioo vya kujitazamia, na ndani yake tumo wote, na kamera yetu. Ikabidi tutafute vitambaa vyeusi vya kuviziba. Feni tusiyoisikia kwenye kelele za mchana ilikuwa inalia kama mgonjwa. Kwenye ofisi ya pembeni kulikuwa na jokofu dogo linalonguruma kila baada ya dakika chache, na maiki yetu ililipenda. Mtu wa sauti alilizima, kisha akaweka funguo za nyumba yake ndani. Nilidhani amechanganyikiwa. Akanieleza kwamba ni hila ya zamani ya watu wa sauti: huwezi kwenda nyumbani bila funguo zako, kwa hiyo huwezi kusahau kuliwasha tena.

Giza nalo lilitufundisha adabu. Tulidhani filamu ya usiku inashutiwa kwa kuzima taa. Kwenye majaribio tulizima zote isipokuwa moja, tukapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 12,800, na kwenye kioo kidogo cha kamera ikapendeza sana. Kwenye kompyuta ilikuwa chenga tupu, kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Mpigapicha wetu alikaa nayo usiku kucha, akarudi na jibu ambalo sasa naliona la wazi: giza la sinema hujengwa kwa taa. Unamulika kile kilicho nyuma ya mhusika, yeye unamwacha awe kivuli. Unaweka taa ya mezani ndani ya picha ili jicho lipate mahali pa kuanzia, na pembe zilizobaki zinameza kila kitu. Ukitaka mwanga wa mbalamwezi, weka kamera kwenye kipimo cha rangi ya mwanga cha kelvini 3,200, kile cha taa za balbu za njano, kisha pitisha dirishani mwanga wa paneli ya kelvini 5,600. Mwanga huo ambao macho yako yanauona mweupe, kamera itauona wa buluu.

Jingine alilolitumia sana ni umbali. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni, ukiirudisha hadi mita 2, mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Kwa hiyo mwigizaji akiwa karibu na taa, hatua moja tu ya kurudi nyuma inamzamisha gizani. Msichana wetu alipoita "Nani yuko hapo?" alirudi hatua moja, na uso ukazima. Hatukugusa kitu chochote kwenye kompyuta.

Tulikuta pia michirizi inayotembea kwenye picha za ukumbini, mistari ya giza ikishuka taratibu. Tulishuku kamera, tukashuku lenzi, tukashuku kadi. Ilikuwa taa za mirija. Umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, huzifanya zipepese mara 100 kwa sekunde, na sisi tulikuwa tumeweka shata, muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/60 ya sekunde. Tukaishusha hadi 1/50, michirizi ikakoma. Penye umeme wa hezi 60 hesabu ni ile ile, ila hapo 1/60 ndiyo inayofaa. Dakika 40 zilipotea kwa namba moja.

Na dakika hizo hatukuwa nazo. Ruhusa ilikuwa ya siku mbili, saa 2 usiku hadi saa 6 usiku. Toa nusu saa ya kupanga na nusu saa ya kurudisha kila kiti mahali pake, unabaki na saa 3 kwa usiku, dakika 360 kwa jumla. Orodha yetu ilikuwa na shoti 46. Mtoto wa darasa la nne angegawanya akatuambia kwamba kila shoti ina chini ya dakika 8, ikiwemo kuhamisha taa, kuweka tripodi, kufanya mazoezi na kurudia teki, yaani kurekodi shoti ile ile upya, mara mbili tatu. Sisi hatukugawanya. Usiku wa kwanza tulipata shoti 9.

Moja kati ya hizo 9 iliharibika kwa kosa ambalo kila kitabu cha filamu hulionya kwenye kurasa zake za mwanzo. Ukichora mstari wa kufikirika kati ya mhusika na kile anachokitazama, kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo, ndani ya nyuzi 180. Saa 5 na nusu usiku, tukiwa tumechoka, tuliuvuka mstari kwa sababu upande wa pili rafu zilipendeza. Matokeo yake msichana anatazama kushoto kuelekea sauti, kisha picha ifuatayo anatazama kulia, kana kwamba ameghairi kuogopa. Mwandishi, ambaye ndiye pia alikuwa mhariri, alijaribu kuigeuza picha kama kwenye kioo. Ikakaa sawa, ila maandishi kwenye migongo ya vitabu yakasomeka kinyumenyume. Tuliitupa.

Kesho yake mchana tulikaa na kalamu nyekundu. Zilihitajika shoti 24 kwa jumla, yaani 15 usiku ule wa pili, dakika 12 kila moja. Hapa naomba nikiri jambo, maana simulizi yote imejengwa juu yake. Tulikata kwa vigezo vya uvivu. Shoti iliyohitaji kuhamisha taa ilikufa. Shoti ya kitu, isiyo na uso wa mtu, ilikufa. Nami kwa mkono wangu nilifuta shoti namba 4. Kwenye orodha iliandikwa: "Kamera karibu sana. Ubao wa ndoano. Mkono unachukua ufunguo mmoja kati ya funguo mbili zenye namba 8, za chumba cha vitabu vya zamani. Msichana hayupo." Pembeni nikaandika: inaharibu siri. Nilijiona mjanja. Mwandishi aliiangalia ile karatasi kwa muda, akasema, "Wewe ndiye mwongozaji."

Usiku wa pili ulikwenda vizuri kuliko tulivyostahili, kwa sababu mbili. Kwanza, tuliacha kufuata mpangilio wa hadithi. Tulishuti vyote vinavyotazama upande wa kaunta, taa zikiwa zimetulia, kisha tukageuza kila kitu mara moja na kushuti vyote vinavyotazama upande wa rafu. Msichana alijifungia chumbani saa 2 na nusu usiku na kuanza kuogopa saa 5. Waigizaji huchukia utaratibu huu, na wana haki. Mratibu alibeba daftari la mwendelezo, picha za simu za kila mwisho wa shoti: nywele ziko hivi, kifungo cha juu kiko wazi, ufunguo uko mkono wa kushoto. Bila daftari lile ufunguo ungehama mikono mara tatu.

Pili, niliacha kumwambia mwigizaji wetu aogope. Nilikuwa nimemwambia hivyo usiku wote wa kwanza. Ogopa kidogo. Ogopa zaidi. Hapana, ogopa kimya kimya. Naye, maskini, alitoa macho, akaweka mkono kifuani, akapumua kama aliyetoka mbio. Mwishowe alinivuta pembeni akasema kwa upole kwamba haelewi kuogopa kunafanywaje, ila nikimpa kazi ataifanya. Nikamwambia: hesabu hatua zako kimoyomoyo kutoka kaunta hadi mlango, ukisikia kiti, jaribu kukumbuka umefikia ngapi. Teki ya kwanza. Uso wake ukafunga kama mtu anayesikiliza kwa mwili mzima. Alipojifungia chumbani nilimpa kazi nyingine: fikiri umekumbuka kichekesho, usicheke kwa sauti. Akaegemea mlango, akafumba macho, na tabasamu dogo la aliyenusurika likapita mdomoni. Ilikuwa shoti nzuri sana. Tulipigiana makofi kimya kimya ili tusiharibu rekodi.

Kabla ya kuondoka, mtu wa sauti alitusimamisha wote kama tulivyo, tusisogee, akarekodi dakika moja ya ukimya wa chumba. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri huuhitaji kuziba mapengo, la sivyo sauti inakatikakatika kila shoti inapobadilika. Kusimama dakika moja bila kupumua kwa nguvu, saa 6 kasorobo usiku, watu wanane waliochoka, ni mtihani. Mmoja alipasuka kicheko sekunde ya 50. Tukaanza upya. Kadi tulizinakili sehemu mbili usiku ule ule kabla ya mtu yeyote kwenda kulala. Funguo zikatoka kwenye jokofu.

Nakala ya kwanza ya uhariri ilikuwa dakika 9 na sekunde 40. Picha zilipendeza. Giza lilikuwa giza, mbalamwezi ilikuwa mbalamwezi. Tukawaita watu sita wasioijua hadithi, tukazima taa. Nilikuwa nimeshauriwa nisiitazame skrini, niwatazame wao. Dakika ya tatu mmoja akatoa simu. Dakika ya tano wawili wakaegama nyuma. Kitasa kilipozunguka, mmoja aliinua nyusi. Basi. Halafu likaja lile swali la sehemu ya pili.

Tulilaumiana kwa siku mbili. Mpigapicha alisema tatizo ni muziki. Mtu wa sauti alisema tatizo ni urefu. Mimi nilisema tatizo ni watazamaji, na naomba radhi kwa hilo. Mwandishi hakusema kitu mpaka siku ya tatu, alipokuja na karatasi kubwa akaibandika ukutani, imegawanywa safu tatu. Ya kwanza: anachojua msichana. Ya pili: anachojua yule mtu mwingine. Ya tatu: anachojua mtazamaji. Kushuka chini, dakika kwa dakika. "Njoni tuijaze," akasema.

Tukaijaza. Safu ya msichana na safu ya mtazamaji zilikuwa sawasawa, neno kwa neno, kuanzia juu hadi chini. Yeye hajui kuna ufunguo wa pili, mtazamaji hajui. Yeye anadhani yuko salama, mtazamaji anadhani yuko salama. Wote wawili wanatulia kwa dakika nzima, na katika dakika hiyo, nilipoitazama tena, hakuna kinachotokea: mtu salama ameegemea mlango uliofungwa.

Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alilieleza jambo hili kwa mwongozaji mwenzake François Truffaut katika mazungumzo yao ya mwaka 1962, kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wameketi wanazungumza mambo ya kawaida, bomu linalipuka: umewapa watazamaji sekunde 15 za mshtuko. Lakini waonyeshe kwanza bomu likitegwa, waonyeshe na saa, kisha waache wale watu waendelee na mazungumzo yale yale ya kawaida: umewapa dakika 15 za taharuki. Mfano huu tulikuwa tumeuandika kwenye madaftari yetu muhula uliotangulia. Mimi niliupigia mstari. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikafuta bomu.

Shoti namba 4 haikuhitaji maktaba. Tuliazima ule ubao kwa saa moja mchana, tukautundika kwenye ukuta wa darasa wenye rangi inayokaribiana, tukaziba madirisha, paneli moja pembeni. Mwigizaji wa kivuli alikuwa amesafiri. Wa karibu aliyekuwa na mkono wa kiume ni mimi na mtu wa sauti, naye ameshika maiki. Nikavua saa yangu ya mkononi, nikakunja shati, nikanyoosha mkono, nikachukua ufunguo. Teki tano. Ndoano inabaki ikitikisika kidogo baada ya mkono kutoka. Sekunde 6 kwa jumla.

Sijawahi kuona kitu kama kilichotokea mwandishi alipozibandika zile sekunde 6 mwanzoni, dakika ya kwanza tu, mlinzi akiwa amekwisha kuondoka na msichana yuko upande wa pili akipanga viti. Hatukugusa shoti nyingine yoyote, na filamu yote ikawa nyingine. Kila anapopita karibu na ubao bila kuutazama, unataka kumwita. Akikimbilia kile chumba, badala ya kusema afadhali, unasema toka humo. Na lile tabasamu! Lile tabasamu dogo la aliyenusurika, nililolipata kwa kichekesho, sasa halitazamiki. Mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov alishalionyesha hili takriban miaka 100 iliyopita: uso ule ule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, usiobadilika hata kidogo, aliuunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke, na watazamaji wakaona njaa, huzuni na matamanio. Nilikuwa nimeusoma huo mfano kama historia. Sasa niliuona ukifanya kazi kwenye uso wa mtu ninayemjua.

Baada ya hapo kukata kukawa rahisi. Tulipita kila shoti tukiiuliza inabadilisha nini kwenye zile safu tatu. Sini ya mazungumzo marefu na mlinzi, ambayo nilikuwa tayari kuifia, ilipungua kutoka dakika 2 hadi sekunde 25: anakabidhi funguo, anatazama saa yake, anaaga. Muziki tuliutoa karibu wote. Mtu wa sauti alitumia siku mbili kurekodi upya hatua za msichana kwa viatu vigumu kwenye sakafu ya vigae, maana viatu vya kweli vilikuwa vya mpira na havikusikika, na mlio wa funguo akautengeneza kwa shada zito zaidi alilolizungushia kitambaa nusu, kwa kuwa funguo zetu halisi zililia kama sarafu mfukoni. Kelele pekee aliyoiacha kama ilivyokuwa ni ile ndoano inayotikisika. Aliirudia tena mwishoni, chini kabisa, kabla ya kitasa. Wengi hawaisikii, ila naapa wanaihisi.

Filamu ilimalizika ikiwa dakika 6 na sekunde 52.

Siku ya kuionyesha darasani niliketi tena pembeni, nikiwatazama watu. Kwenye shoti namba 4 hakuna aliyeguna. Walipoona tu msichana anauendea mlango wa chumba, mtu wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Siyo humo," kisha akajiziba mdomo. Msichana akaegemea mlango. Akatabasamu. Dada mmoja alipandisha miguu kitini. Sekunde 40 za mtu kusimama tu, zilizokuwa zimewalaza watu majuma matatu nyuma, zilipita darasa zima limeshika pumzi.

Taa zilipowashwa yakaja maswali ya kawaida, lenzi gani, usiku ngapi. Kisha kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akasema amependa sana mlivyoficha kwamba ni mlinzi. Nikamuuliza mlinzi vipi. "Si mlinzi anaangalia saa yake pale mwanzoni, halafu ule mkono unaochukua ufunguo una alama ya saa iliyovuliwa? Pale kwenye kifundo cha mkono, ngozi imepauka kama utepe."

Nilitazama mkono wangu. Saa ilikuwepo, na utepe ulikuwa chini yake. Nikamtazama mwandishi. Mwandishi alikuwa anamtazama yule kijana, amekunja mikono, mtulivu kama kawaida yake.

"Wewe ni wa kwanza kugundua," akamwambia.